Dakika Kumi na Moja

Mwanangu Nasra,

Barua za kwetu huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yako. Yangu haianzi hivyo. Moyo wangu si mzima, na nshakwambia uongo wa kutosha mwaka huu, sitaki kuongeza mwengine kwenye mstari wa kwanza.

Naandika hapa juu, dirishani, baada ya adhuhuri. Wewe umekwenda Mtoni na Bibi kumuaga dada yake, na najua hamtorudi mpaka jua lianze kuzama, kwa sababu yule bibi hamwachii mtu aondoke bila ya kumlisha mara mbili. Kesho asubuhi ndege yako. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kamba juu ya zipu, maana Babu yako, fundi cherehani wa miaka yote hii, haiamini zipu. Juu yake kuna lile koti alilokushonea. Nimemwambia, "Baba, huko Bara Hindi anakokwenda ni joto kama hapa." Kanijibu, "Ndege ina baridi." Hajapata kushona koti maishani mwake. Mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwengine, na ukilivaa kesho tafadhali usimwambie.

Mambo ya dawa, sabuni, usimpe mtu pasi yako, usile kitu usichokijua, hayo Bibi kashayasema, na aliyoyasahau atayasema kesho uwanja wa ndege kwa sauti ili abiria wote wafaidike. Mimi hayo sina. Nina mengine, ambayo nilitakiwa nikwambie tangu mwaka jana, na kila nilipofungua mdomo yalitoka maneno ya chai na mkate.

Nakuita mwanangu, na watu wakisikia hucheka. Nina miaka kumi na minane, wewe kumi na miwili. Mwanamke mmoja pale skuli aliniuliza, "Mama yake nani, wewe?" nikajibu ndiyo, halafu nikaona haya nikatazama viatu. Lakini mama mdogo ni mama. Dada yangu Salma alipokufa wewe ulikuwa na miaka mitatu na mimi tisa. Baba yako alirudi kwao Tumbatu akaoa, na hatumlaumu, saini zake zote za safari hii katia bila ya maneno. Siku ya msiba nyumba ilijaa kina mama, kila pembe mtu analia au anasoma, na Bibi akanisukumia wewe mikononi: "Mshike mtoto." Hakusema mpaka lini.

Nilikuingiza chini ya meza ya cherehani ya Babu. Pale palikuwa na bati la biskuti lenye sataranji yake, ile chesi ya mbao, yenye ngome moja iliyopotea tangu kabla sijazaliwa, naye Babu badala yake kaweka bobini ya cherehani, ile ya kuzungushia uzi. Ulikuwa unalia, na mimi sikujua wimbo wowote wa kumbembelezea mtoto. Nikakuonesha farasi anavyoruka: mbili mbele, moja pembeni. Ukanyamaza. Farasi ukamtia mdomoni, bobini ukaikamata ukakataa kuitoa mpaka usingizi ukakuchukua. Hadi leo tukicheza nyumbani lazima bobini iwe upande wako, na mtu akiigusa unamtazama kama mwizi.

Basi mimi ndiye niliyekutia katika mchezo huu, siku ambayo hukuwa na pa kwenda. Lijue hilo kabla ya mengine yote.

Utakumbuka kwamba mimi nilianza kucheza mashindano kabla yako. Hukumbuki kwa nini nilikaa mwaka mzima bila ya kucheza, kwa sababu ulikuwa mdogo. Babu alinipeleka Dar, nina miaka kumi na miwili kama wewe sasa. Nikapangiwa na kijana wa bara, mrefu, mwenye saa ya mkononi inayong'aa. Akaigusa ngome yake. Akaikamata kabisa, akainyanyua, akaona kosa, akairudisha, akasogeza kitu kingine. Sheria unaijua: ukigusa umecheza. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono, mwamuzi aje. Mkono ulikuwa juu ya paja langu, na wallahi ulikuwa mzito kama si wangu. Nilifikiri watu watageuka kunitazama. Nikafikiri Kiswahili changu watakicheka. Nikaandika hatua yake kwenye karatasi kama kwamba ndiyo aliyokusudia tangu mwanzo, nikashindwa.

Kwenye boti ya kurudi Babu akaniuliza, "Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya? Kwa mtoto wa watu usiyemjua hata jina?" Akatazama maji mpaka tukaiona Unguja. Hakunigombeza. Ila tangu siku ile akanifundisha kuandika dakika nilizotumia pembeni mwa kila hatua, akisema fundi mzuri anajua mshono upi umemchukua muda gani. Nikaizoea tabia ile. Kumbuka hiyo, maana ndiyo iliyonifichua.

Sasa Uroa.

Wewe Uroa unayoikumbuka ni ya bahari nyeupe na juisi za bure. Tulikuwa wasichana kumi na sita kutoka Unguja nzima, ukumbi wa hoteli umewekwa feni nne, na yule mama wa Kihindi tuliyekuwa tukimwita Madamu, mwenye nywele fupi za mvi na viatu vya raba, grandmasta wa kweli mwenye cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, wa kwanza tuliyepata kumuona kwa macho. Alikuja mapumziko, akakubali kutufundisha siku tatu. Mshindi wa mashindano yale angechukuliwa kwenda kukaa nyumbani kwake, asome huko na acheze chini yake mpaka akue. Babu alifunga duka siku tatu ili atupeleke. Hajapata kufunga duka siku tatu hata kwa harusi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mwalimu aliyeandaa mashindano yale aliniteua kwa sababu nilisomeshwa skuli ya Kiingereza, na mimi nikakubali kwa sababu kumkatalia mwalimu ni kuzungumza, na kukubali ni kutikisa kichwa tu. Nikasimama pale mbele na mikono nyuma, yeye akisema kipande, mimi nakigeuza.

Alituhadithia maisha yake. Wewe uliyasikia kwangu: nchi arubaini, vikombe, wachezaji wakubwa wakisimama kumpa mkono, rais wa nchi yake akimualika chakula. Yote hayo aliyasema kweli. Sikuongeza. Ila Nasra, nilipunguza. Alikuwa akisema mambo mawili, mimi natoa moja.

Alisema alianza kusafiri akiwa na miaka kumi na moja, na kwamba katika miaka ile ya mwanzo hakuwa na rafiki hata mmoja ambaye hakuwa pia mtu wa kumshinda. Sikulisema. Alisema baba yake alikufa yeye akiwa katikati ya mashindano, wakamficha habari mpaka raundi ya mwisho ili asivurugike, akashinda, akapewa kombe na simu kwa wakati mmoja. Mimi nikasema, "Aliwahi kushinda mashindano makubwa katika hali ngumu." Alisema amelala katika hoteli nyingi mno, hata leo akirudi nyumbani kwake mwenyewe usiku, mkono wake hutafuta namba ya chumba mlangoni. Watu wangecheka hapo, nilifikiri, nikaliruka. Alisema wasichana aliowalea wengi wao hawakufika alikofika yeye, wakarudi makwao wakiwa wakubwa, hawaijui tena nyumba yao vizuri na mchezo nao haukuwataka. Niliposikia hilo nilikunywa maji.

Kwa nini nilifanya hivyo? Mwanzo niliona haya kusema mambo ya huzuni mbele ya watu, sauti yangu ikitetemeka wangedhani ni mimi ninayelia. Hiyo ndiyo sababu ya sentensi ya kwanza. Ya pili na ya tatu sina kisingizio.

Halafu wewe ukanyoosha mkono. Hukuogopa hata kidogo, umekaa mstari wa mbele, miguu haifiki chini. "Mama, hebu muulize. Anafurahi?"

Wenzako wakacheka. Mimi nikamuuliza. Yule mama hakucheka. Alikutazama wewe, si mimi. Akasema, "Mwambie nilikuwa hodari."

Ukaniuliza, "Kasemaje?"

Nikasema, "Kasema ndiyo."

Nimeyarudia maneno yale kila siku tangu siku ile. Kasema ndiyo. Watoto wote walipiga makofi.

Siku ya tatu ikatukuta mimi na wewe raundi ya mwisho. Mimi naongoza kwa nusu alama, wewe wa pili. Sare tu ingenitosha. Watu walikuwa wakinong'ona, mama na mwana, na mpiga picha wa hoteli akatupiga kabla hatujaanza, ile picha iliyo ukutani dukani kwa Babu. Itazame vizuri ukipita kesho. Wewe unaangalia ubao. Mimi naangalia mlango.

Usiku wa kuamkia siku ile niliwaza kitu kimoja tu: nikishinda nitakwenda. Nitakwenda peke yangu kwenye nyumba ya watu, nitakaa mezani na wasichana nisiowajua, nitaulizwa maswali. Na mimi niliijua ile nusu nyengine ya hadithi ya Madamu. Ndani ya ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyeijua, kwa sababu mimi ndiye niliyeimeza.

Mchezo wetu uliuanza vizuri, wacha nikwambie hivyo, na hili si la kukufariji. Ulinisukuma mpaka nikatoka jasho. Halafu ukaharakisha, kama kawaida yako, nikakula ngome. Mimi ngome mbili, wewe moja. Zamu yangu. Hatua ilikuwa wazi kabisa: ngome yangu ishuke hadi chini, tubadilishane, basi mchezo umekwisha. Hata Babu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamba na kofia yake mkononi, aliiona, nilimsikia akishusha pumzi.

Nikakaa. Saa inakwenda. Niliitazama ile hatua nzuri kama mtu anavyotazama mlango uliofunguliwa wa nyumba asiyotaka kuingia. Nikajiambia: huyu ni mtoto wangu, nani asiyempa mtoto wake? Watu wakijua watasema mama kajinyima. Nikalipenda neno lile. Nikamshika malkia, yule ambaye Babu humwita waziri, nikamweka mahali ambapo farasi wako alikuwa akipaona tangu asubuhi.

Hukuamini. Ulinitazama usoni kwanza, unakumbuka? Halafu ukamla kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani ya moto. Hatua chache baadaye nikamlaza mfalme wangu kukubali kushindwa. Babu akapiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Mimi nikatabasamu, na lile tabasamu ndilo uongo mbaya kuliko wote, kwa sababu lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimepona. Wewe ndiye utakayekwenda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Nasra. Sikukuachia kwa mapenzi. Mapenzi nilikuwa nayo, yalikuwepo pale pale, nikayavaa juu ya woga kama kanga juu ya nguo chafu. Jambo nililoliogopa kwa ajili yangu nikakupa wewe, na nikataka unishukuru.

Baadaye, watu wakila keki, Madamu akatuita mezani kwake na karatasi zetu mbili za hatua. Yako akaipitia haraka. Yangu akaisoma taratibu, kidole kikishuka pembeni mwa dakika. Kikasimama.

"Dakika kumi na moja," alisema kwa Kiingereza. "Una ngome moja zaidi, sare inakutosha, unafikiri dakika kumi na moja, halafu unampeleka malkia kinywani mwa farasi. Mtu aliyesahau hufanya hivi kwa sekunde kumi. Nimewaona wakubwa wakifanya hivi kwa sababu mbalimbali. Yako ni ipi?"

Nilikuwa nimesimama, wewe umenishika mkono wa baibui.

Akasema, "Huyu mdogo nitamchukua. Nimependa macho yake, na nimeipenda michezo yake mengine. Lakini mwambie kabla hajafika kwangu. Asije akajenga juu ya mchezo huu. Na ukimwambia akakataa kuja, nitaelewa."

Kiingereza chako wakati ule kilikuwa cha kumwamkia mwalimu tu. Ukanivuta. "Kasemaje? Mama, kasemaje?"

"Anasema umecheza kama mtu mzima."

Ukanikazia macho yale. "Sema wallahi."

Nikasema, "Wallahi."

Madamu neno lile hakulijua, lakini nadhani aliujua uso wangu. Akakunja karatasi yangu akanirudishia mkononi, akaondoka na chai yake.

Karatasi yako wewe umeibandika juu ya kitanda kwa gundi ya skuli. Kila nikilala naiona. Umekuwa ukiwaambia watoto wa mtaani, "Mimi nilimshinda mama yangu akiwa na ngome moja zaidi!" na wao wanaitikia, na mimi napita na ndoo yangu. Mara ngapi nilitaka kusema? Siku ile ulipopata homa. Siku tulipokwenda kupiga picha za pasi, ukacheka kwa sababu nilikuwa kimya ukaniambia, "Mama unanuna kama umeshindwa leo." Na Babu, Nasra. Babu anatembea na barua ya mwaliko kwenye mfuko wa shati. Mtu akija kupimwa kanzu anasomewa barua kwanza. Kuna mzee mmoja sasa anapeleka nguo zake Darajani ili tu asisomewe tena.

Wiki iliyopita nikaenda kwa Ukti, mwalimu wetu wa madrasa. Nikakaa mpaka watoto wote wametoka.

"Ukti, kuna mtu... kaapa kwa Mungu, na alichokiapia si kweli."

Alikuwa akikunja majamvi. "Mtu huyo alijua si kweli alipokuwa akiapa?"

"Alijua."

"Basi atubu, na ana kafara. Alishe masikini kumi, au awavishe. Hana uwezo, afunge siku tatu." Akanitazama. "Mtu huyo ana uwezo?"

"Hana."

"Mwambie futari aje ale kwangu, asitie watu wasiwasi nyumbani."

Nikacheka kidogo, nikadhani nimepona. Nikashika mlango. Akasema nyuma yangu, "Na huyo mtoto aliyeapiwa, bado anaamini?" Mimi neno mtoto sikulitaja.

"Bado."

"Funga yako ni yako na Mola wako. Haki ya mtoto ataisamehe mtoto mwenyewe. Na hawezi kusamehe asichokijua, Rukia."

Ndiyo maana sili, mwanangu. Leo ni siku ya tatu. Juzi uliniletea urojo kwenye mfuko, umetembea nao jua lote umeukumbatia, ukasema, "Kula, mama, ntakapokwenda nani atakuletea?" nikakwambia tumbo linanisumbua. Ukala wako, halafu ukala na wangu, polepole, ukinitazama kwa jicho lile la kwenye ubao. Leo kabla hamjaondoka Bibi kapika pilau ya kukuaga, nikasema nshakula jikoni. Nafunga kwa ajili ya uongo mmoja na huku nautilia mwengine. Sijui hesabu yake ikoje mbele ya Mungu, lakini kwako najua.

Kuna sababu nyengine ya kuandika leo, na nikiificha barua hii yote itakuwa haina maana. Kiingereza chako sasa kinatosha. Ukikaa mwezi mmoja mezani kwa Madamu, utamuuliza mwenyewe, naye hatokudanganya. Niliogopa usikie kwake. Kwa hiyo hata ukweli huu, nusu yake ni woga. Nimejaribu kuutenga, sikuweza.

Sina cha kukufundisha kuhusu mchezo, umenipita tangu zamani. Nimeicheza michezo yako ya mwaka huu peke yangu nikaona hivyo. Nina mambo mawili tu niliyoyapata kwa kuumia. Mtu akigusa akarudisha, nyoosha mkono, hata kama ni mkubwa, hata kama ni Madamu, hata kama ni mimi. Na nikikupigia simu nikakuuliza hujambo, usinijibu sijambo ikiwa hulali. Kwetu tumezoea, mtu ana homa anasema sijambo, kafiwa anasema sijambo. Wewe nisemee lote kama lilivyo. Nimechoka kupokea nusu, na zaidi nimechoka kutoa nusu.

Uliuliza kama anafurahi. Jawabu lake lilikuwa, "Mwambie nilikuwa hodari." Nimekupa sasa. Limechelewa mwaka mzima, na sijui kama hata mimi nalielewa. Labda wewe utalielewa haraka. Labda utaliona na bado utataka kwenda; macho yako huwaka ubaoni namna ambayo yangu hayakupata kuwaka, na pengine wewe ni mmoja wa wale wanaofika. Labda utataka kubaki. Ukitaka kubaki, hutomwambia Babu wewe. Nitashuka mimi mpaka dukani, nitasimama mbele yake na wateja wake, nitamwambia ni kosa la nani na kwa nini, mpaka mwisho, nikimtazama usoni. Sijapata kumwambia baba yangu hapana maisha yangu yote. Lakini nitakwenda.

Nilifikiri nikupe barua hii kesho, uwanja wa ndege, uisomee juu angani. Nikajua hiyo ni dakika ya kumi na mbili ya woga ule ule, nikaacha.

Nimelitoa bati la biskuti. Nimeupanga ubao juu ya kitanda chako kama ulivyokuwa Uroa, kila kitu mahali pake, nimeufuata kwa karatasi yangu hatua kwa hatua mpaka kwenye ile hatua, nikasimama kabla yake. Karatasi iko chini ya ubao, na dakika zangu pembeni. Ngome yako iliyobaki ni bobini.

Jua limeanza kushuka nyuma ya mapaa, na nakusikia chini, unamwambia Bibi hutaki kubeba maandazi ya Mtoni mpaka Bara Hindi, naye anakwambia utayabeba. Ukipanda, usinisalimie kwanza. Kaa uisome hii yote. Mimi nitakuwa hapo mbele yako na tende zangu mbili, nangojea adhana.

Ukimaliza, kama hukunisamehe, au unalia, au unataka kunipiga, fanya. Halafu tucheze. Zamu ni yangu, na mara hii sikuachii.

Mama yako,
Rukia